Bremen: Mji ulionunua bandari baada ya mto kujaa mchanga

MTO ulipojaa mchanga, wafanyabiashara wa Bremen hawakuwa na njia nyingi. Mji wao, kaskazini mwa Ujerumani, ulikuwa umeishi kwa biashara ya meli tangu enzi za Hansa, ule umoja wa miji ya wafanyabiashara. Lakini kufikia karne ya 19, meli kubwa hazikuweza tena kupanda Mto Weser hadi mjini. Shehena ilishushwa mbali, kwenye bandari zilizokuwa chini ya watawala wengine.

Meya Johann Smidt akaamua kununua. Mwaka 1827 Bremen ilinunua kutoka kwa Ufalme wa Hanover kipande cha ardhi karibu na mlango wa mto, na kujenga hapo bandari mpya, Bremerhaven. Mto wenyewe ulikuja kuchimbwa mwishoni mwa karne hiyo, lakini bandari ilikwishahama.

Ndiyo maana ramani ya jimbo hili inashangaza. Ni miji miwili iliyoachana kwa takriban kilomita 60, katikati kukiwa na jimbo jingine, Niedersachsen. Yote kwa pamoja ni kama kilomita za mraba 420 na watu wanaokaribia 700,000. Ndilo jimbo dogo kuliko yote Ujerumani, na lina madeni makubwa. Hata hivyo, lina bunge lake, Bürgerschaft, na serikali yake, Seneti. Rais wa Seneti ndiye pia meya wa Bremen. Uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka minne, na tangu mwaka 2023 bunge lina viti 87, kati yake 15 vya Bremerhaven.

Na bandari je? Bremerhaven ina meya na baraza lake, lakini eneo kubwa la bandari ya ng'ambo lililopo hapo ni mali ya mji wa Bremen. Aliyenunua hajaachia.

Kwa wakulima wa pamba, Bremen ina jambo jingine la kuangaliwa. Mwaka 1872 wafanyabiashara walianzisha huko soko la pamba, Bremer Baumwollbörse. Siku hizi kazi yake kubwa ni kutunza kanuni za mikataba na kusuluhisha migogoro ya ubora. Mnunuzi akidai kwamba marobota ni machafu, au nyuzi ni fupi kuliko ilivyoandikwa, pande zilizokubaliana kufuata kanuni za Bremen hupeleka sampuli kwa waamuzi badala ya kukimbilia mahakamani.

Kwa hiyo mchanga unaotiwa kwenye gunia huko Shinyanga au Simiyu ili kuongeza uzito hauishii kwenye mizani ya kituo cha kununulia. Uchafu unaosalia baada ya kuchambua huonekana kwenye sampuli, na punguzo la bei hurudi kwa msafirishaji, kisha kwa mwenye kiwanda cha kuchambulia, ambaye msimu unaofuata hulikumbuka anapopanga bei ya kumlipa mkulima.