Damu yasimulia nini baada ya upasuaji wa moyo?

Mgonjwa anapotolewa katika chumba cha upasuaji wa moyo na kupelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, swali la jamaa zake huwa moja: je, amevuka hatari? Daktari naye hujiuliza vivyo hivyo, na sehemu ya jibu huitafuta katika damu.

Upasuaji tunaouzungumzia ni ule uitwao baipasi. Daktari huchukua mshipa wa mguuni, au ateri ya kifuani, na kuutumia kupitisha damu kando ya mahali palipoziba. Njia ya kutumia mshipa wa mguu ilipata umaarufu kuanzia mwaka 1967 kwa kazi ya René Favaloro, daktari Muargentina aliyekuwa Cleveland, Marekani.

Kipimo kinachotazamwa zaidi ni troponini, protini iliyomo ndani ya misuli ya moyo. Seli za misuli hiyo zinapoumia, troponini huvujia kwenye damu. Kwa mtu aliyefika hospitali akilalamikia maumivu ya kifua, kupanda kwake huashiria shambulio la moyo. Lakini moyo uliopasuliwa umekwisha guswa na kushonwa, na mara nyingi ulisimamishwa kwa muda. Kwa hiyo troponini hupanda karibu kwa kila mgonjwa. Kiasi gani basi ndicho cha kutisha?

Mwaka 2022, utafiti ulioongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ukihusisha wagonjwa 13,862 katika nchi 12, ulitoa jibu lililowashangaza wengi. Kwa waliofanyiwa baipasi au kubadilishiwa vali ya aota, hatari ya kufa ndani ya siku 30 ilionekana kuongezeka pale troponini ilipofikia, ndani ya siku moja baada ya upasuaji, nanogramu 5,670 kwa lita. Hiyo ni mara 218 ya kikomo cha kawaida, ilhali miongozo ya awali ilitaja mara 10, 35 au 70.

Tofauti hiyo si ya tarakimu tu. Kikomo kikiwa chini mno, wengi watapelekwa kwenye uchunguzi usio wa lazima, wenye hatari zake. Kikiwa juu mno, mshipa mpya ulioziba waweza kupita bila kugunduliwa.

Figo nazo huwa hatarini. Kreatinini, kipimo chake cha kawaida, huchelewa kupanda. Protini iitwayo NGAL ni ya haraka zaidi: katika utafiti wa mwaka 2005 kwa watoto waliopasuliwa moyo, ilipanda ndani ya saa 2, ilhali kreatinini ilihitaji siku 1 hadi 3. Kwa watu wazima, hata hivyo, matokeo yake yamekuwa yakitofautiana.

Damu, basi, huonya lakini haihukumu. Daktari huyasoma majibu yake pamoja na mapigo ya moyo, shinikizo la damu, picha za moyo na kiasi cha mkojo. Nawe uliye na mgonjwa wodini, usiishie kuuliza kipimo ni ngapi. Uliza pia kama kinapanda au kinashuka.