Kabla ya Kuhamia Mjini, Pitieni Kliniki

Kila mwaka shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, sisi wauguzi tunaona malori yakiteremka barabara kuu yamejaa magodoro, masufuria na magunia ya viazi. Ni familia za huku kwetu milimani, Njombe na Makete, zinazohamia Dar es Salaam. Baba ametangulia, amepata kazi na chumba, sasa anaita mama na watoto. Kufungasha vyombo huchukua wiki nzima. Lakini ni wachache wanaopita kliniki kuaga.

Mama mmoja aliyehama hivyo alitusimulia yaliyompata, aliporudi kusalimia wazazi. Wiki ya pili baada ya kufika Dar es Salaam, mtoto wake wa miaka mitatu alichemka mwili. Mama alidhani ni joto la pwani, kwamba mtoto bado hajazoea hali ya hewa. Akampa panadol siku tatu. Siku ya nne mtoto akashikwa na degedege, na jirani ndiye aliyewakimbiza hospitali. Ilikuwa malaria kali. Mtoto alipona, lakini mpaka leo mguu mmoja anauburuza. Mama alituuliza, "Mbona hamkuniambia?" Swali hilo lilitugusa, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kwa nini watoto wetu wako hatarini zaidi?

Malaria huletwa na vimelea ambavyo lazima vikue kwanza ndani ya mbu. Kwenye baridi kali, chini ya nyuzi joto 16 hivi, vimelea hivyo havikui. Ndiyo maana huku kwetu malaria ni chache. Mtu anayeishi penye malaria nyingi hujenga kinga kidogo kidogo kwa kuugua mara kwa mara. Watoto wetu hawana kinga hiyo, na watu wazima waliozaliwa huku hawana pia. Hata aliyekulia bondeni, akikaa milimani miaka mingi, kinga yake hupungua.

Dar es Salaam malaria imepungua sana kuliko zamani, lakini haijaisha, hasa pembezoni mwa mji na karibu na mabonde na madimbwi. Kwa hiyo anayetoka baridini ajihadhari tangu usiku wa kwanza.

Mwezi mmoja kabla ya safari

Pelekeni watoto kliniki. Mwuguzi aangalie kadi na kutoa chanjo iliyofikia wakati wake. Chanjo ya surua na rubella hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Hii ya pili husahauliwa mno, hasa familia inapokuwa katika pilikapilika za kuhama. Mtoto aliyechelewa haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia, mradi kadi ipo.

Mama mjamzito achukue kadi yake ya kliniki, na akifika aanze kliniki mapema, wiki ile ile ya kwanza. Huko atapewa dawa za kuzuia malaria kwa mimba kwa wakati wake. Mama asiye na kinga akipata malaria, yeye na mtoto aliye tumboni wote wako hatarini.

Anayetumia dawa za kifua kikuu, ARV, kisukari, kifafa au shinikizo la damu aombe barua ya uhamisho pamoja na dawa za kutosha mpaka atakapopokelewa kituo kipya. Tunawasihi akina baba hasa: msiondoke kimya kimya kwa kuona haya. Anayekatisha dawa za kifua kikuu huweza kurudiwa na ugonjwa ukiwa sugu, na kuwaambukiza walio nyumbani.

Siku ya safari

Kadi zote, barua na dawa viwekwe katika mfuko mmoja, naye mama au baba aubebe mkononi. Visipakiwe kwenye lori wala kwenye buti la basi, maana lori huweza kuchelewa siku kadhaa, na buti la basi lina joto. Insulini isikae juani wala karibu na injini. Ifungwe katika kitambaa chenye unyevu na kuwekwa penye ubaridi.

Vyandarua vyenye dawa navyo visafiri pamoja nanyi, si pamoja na makabati. Usiku wa kwanza, hata kama mnalala sakafuni juu ya mkeka, fungeni chandarua. Mbu hawangoji mmalize kupanga vyombo.

Wiki za kwanza

Kabla ya kuuliza soko liko wapi, ulizeni zahanati iko wapi, na usiku mtu akiugua anapelekwa wapi. Jirani, balozi wa nyumba kumi au jumuiya ndogondogo ya mtaa watawaelekeza. Wenye bima waulize ni vituo gani vinaipokea.

Maji ya kunywa yachemsheni, hata kama yanatoka bombani na yanaonekana meupe. Yafunikwe kwenye chombo safi. Mtoto akiharisha, mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti, na mumpeleke zahanati.

Jambo kuu ndilo hili: homa yoyote ipimwe malaria kabla saa 24 hazijapita. Kipimo ni tone la damu ya kidolani, na majibu hutoka baada ya muda mfupi. Mwambieni mhudumu, "Tumehamia juzi kutoka milimani." Neno hilo litamfanya awe macho zaidi. Dawa mseto imalizwe yote, hata mtoto akianza kucheza. Mtoto akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au kunyonya, akilegea sana au akipata degedege, msingoje kipambazuke. Mkimbizeni hospitali.

Tunajua nauli ni ghali na chumba cha mjini ni kidogo. Lakini kupita kliniki kabla ya kuondoka hugharimu asubuhi moja tu. Njooni tuagane vizuri, nasi tutawaandikia barua zenu. Kinga ni bora kuliko tiba.