Upatanishi Rufiji: Utafiti wasemaje?

WAKULIMA na wafugaji wa Rufiji na Kibiti, eneo ambalo ugomvi wao uliwahi kuzaa ghasia mjini Ikwiriri, wanalo baraza la kata, ambalo mwaka 2021 lilivuliwa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, likabaki kupatanisha.

Je, kupatanisha kunafaa? Mapitio ya majaribio 10, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalibaini kuwa mkosaji anapokutanishwa ana kwa ana na aliyemkosea, makosa hayarudiwi sana, hasa yale ya ukatili kuliko ya mali, na aliyekosewa huridhika zaidi.

Sharti ni pande zote kuridhia, jambo gumu kwa aliyeliwa mpunga wa msimu mzima. Aidha, majaribio hayo yalifanyika Australia, Marekani na Uingereza, Afrika haikuwamo.