Cincinnati: juu ya nini mechi ya kwanza ya besiboli ni sikukuu?

Kama una ndugu aliyehamia Marekani, sana sana jimbo la Ohio, labda amekwisha kukuambia jambo hili. Mwisho wa mwezi wa tatu ao mwanzo wa mwezi wa ine, siku ya kazi kabisa, katikati ya muji wa Cincinnati kunajaa watu waliovaa nguo nyekundu. Wafanyakazi wanaomba ruhusa, watoto wengi wanakosa masomo. Hakuna uchaguzi, hakuna mugeni wa serikali. Ni mechi ya kwanza ya besiboli.

Besiboli ni ule muchezo ambao mumoja anatupa kampira kadogo kagumu, mwingine anakapiga na fimbo, kisha anakimbia. Kila ekipe inacheza mechi 162 kwa mwaka, 81 nyumbani. Sasa mechi moja tu katika 162 ni kitu gani? Hapa kwetu, siku ya kwanza ya shampiona inapita hivi hivi. Staadi inajaa siku Mazembe anakutana na Vita.

Lakini ukimuuliza mupenzi wa Reds, ekipe ya muji ule, atakujibu haraka: leo wote tuko sawa. Ekipe iliyopoteza mwaka jana haina deni. Wakati wa baridi, miezi karibu mitano, hakukuwa mupira. Tena ni Cincinnati ambako, mu mwaka 1869, ilianza ekipe ya kwanza ambayo wachezaji wote walilipwa wazi wazi. Ndiyo maana Reds karibu kila mwaka wanaanzia nyumbani, na watu wanaona hiyo ni haki yao.

Mbele ya mechi kuna maandamano yanayotoka Findlay Market. Ndiyo, sokoni! Wachuuzi wa soko ndio waliyaanzisha mu 1920, na mpaka leo wao ndio wanayatayarisha. Muzee aliyeletwa pale na baba yake akiwa mutoto, leo anamubeba mujukuu wake mabegani. Kwa wengi, hiyo ndiyo mechi yenyewe.

Siku hiyo si ya furaha kila mara. Tarehe 4 mwezi wa ine 1974, Hank Aaron, mutu mweusi wa ekipe ya Atlanta, alifika Cincinnati akibakiza pigo moja tu afikie rekodi ya Babe Ruth, 714. Miezi mingi alikuwa akipokea barua za matusi na za kumutisha kifo, juu ya rangi yake. Tarehe ile ilikuwa pia siku Martin Luther King aliuawa, miaka sita mbele. Aaron aliomba watu wanyamaze kidogo kwa kumukumbuka, hawakukubali. Basi akaingia, na mara ya kwanza kabisa aliporusha fimbo mwaka ule, kampira kakavuka ukuta. Watu zaidi ya 50 000 waliona.

Mu 1996 ilikuwa kilio. Mechi ilikuwa imeanza dakika chache tu, mwamuzi John McSherry akaanguka uwanjani, akafa. Muchezo ukasimamishwa, watu wakarudi nyumbani. Wakacheza kesho yake.

Na mu 2020, juu ya Covid, mechi ya kwanza ilingojewa mpaka mwezi wa saba, viti vikiwa vitupu. Waliozoea kwenda kila mwaka waliangalia kwa televisheni.

Tiketi ya siku ile ni bei kali, na mara nyingi baridi inauma kweli. Mupenzi anavaa koti mbili, anashika karatasi na kalamu, anaandika kila pigo, kisha anapeleka ile karatasi nyumbani kuiweka pamoja na zingine. Siku zinazofuata viti vinapatikana bila shida, tena kwa bei rahisi. Yeye hana haraka. Mwaka ujao, siku ya kwanza, ataomba ruhusa tena kazini.