Mashine ya Kufulia Nguo za Kazi: Tuijue Kabla ya Kutoa Fedha



Katika mikutano yetu hapa Gitaza swali moja limerudi mara nyingi: je, tuchange fedha tununue mashine ya kufulia yenye mlango mbele, ili nguo za kazi zisifuliwe tena kwa mkono ufukoni? Swali ni la haki. Mwenye kukata ngazi katika mashamba ya michikichi ya upande wa Rumonge, au mwenye kukamua mawese, hurudi jioni na ovaroli iliyolowa mafuta, na mara nyingi mwenye kuifua ni mke au binti yake. Lakini tusinunue kwa kupendezwa na kioo na taa. Tumeona heri tueleze mashine hizi zinavyofanya kazi, kila mmoja apime mwenyewe.

MAJI. Mashine ya mlango wa juu hujaza maji mpaka nguo zielee. Ya mlango wa mbele, ngoma yake imelala. Ikizunguka huzinyanyua nguo na kuziangusha tena katika maji kidogo yaliyo chini. Kwa hiyo mashine ya mbele ya kilo 7 hutumia lita 50 hadi 60 kwa mfuo mmoja, yaani bidoni tatu za lita 20. Ya juu, ile ya zamani yenye mti wa kukorogea katikati, hupita lita 100. Hapo ya mbele imeshinda. Ila yenyewe huvuta maji kwa mpira, si ya kumiminiwa kwa ndoo. Nyingi hutaka msukumo wa nusu baa, na kuupata huo kwa tangi ni lazima tangi liwe juu ya mashine kwa mita 5 hivi. Na maji ya ziwa yapitishwe kwenye chujio kwanza, mchanga usije ukaziba.

MOTO. Mafuta ya mawese huyeyuka kwenye joto la nyuzi 35 hivi. Maji ya Tanganyika juu juu huwa nyuzi 24 hadi 28. Ndiyo sababu mama anasugua ovaroli kutwa na doa halitoki: mafuta hayajayeyuka. Dawa yake ni maji ya nyuzi 60 pamoja na sabuni. Mashine ya mbele mara nyingi ina chuma cha kupasha maji ndani yake, nyingi za juu hazina. Lakini chuma hicho hula wati 2,000 hivi. Mfuo mmoja wa nyuzi 60 humaliza karibu uniti moja ya Regideso, na umeme ukikatika katikati, nguo hubaki zimefungiwa ndani ya maji. Anayetegemea jenereta ndogo afahamu kwamba haitaweza kazi hiyo.

UKUBWA. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kilo zilizoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu za pamba, zimeshindiliwa, tena za uchafu mdogo. Mafundi wa dobi kubwa huhesabu lita 10 za ngoma kwa kila kilo moja ya nguo. Ngoma ya mashine ya nyumbani iliyoandikwa kilo 7 huwa ya lita 50 na kitu. Kwa hesabu hiyo inabeba kilo 5 za nguo za kazi. Ovaroli nzito huwa na uzito wa karibu kilo moja, kwa hiyo ni ovaroli tano, si saba. Ukizidisha, nguo hazina nafasi ya kuanguka, na zisipoanguka hazitakati.

KUKAMUA NA SABUNI. Namba kama 800, 1,000 au 1,400 ni mizunguko kwa dakika wakati wa kukamua. Kwa ovaroli 1,000 inatosha, na masika inasaidia sana nguo kukauka. Sabuni yetu ya mche haifai humo: povu hujaa, nguo hazigongani, na maji huvuja. Inatakiwa sabuni ya unga isiyo na povu jingi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme wafanyakazi 40, kila mmoja ovaroli mbili kwa juma. Hizo ni ovaroli 80. Kwa mashine ya kilo 7 ni mifuo 16. Mfuo wa nyuzi 60 huchukua saa mbili au zaidi, basi ni saa 32, uniti 16 na bidoni 48 za maji, kila juma. Mashine ya nyumbani haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Itakufa mapema na michango yetu itakufa nayo. Mashine ya dobi ya kilo 20 ingemaliza kwa mifuo minne, lakini nyingi za aina hiyo hutaka umeme wa fezi tatu. Umeme huo uko kiwandani, hauko kwa mwanachama.

Kuna jambo zito zaidi. Nguo za mwenye kupuliza dawa za wadudu au za magugu hazipaswi kuchanganywa na nguo za watoto, wala kufuliwa katika beseni la nyumbani. Kumwachia mfanyakazi azipeleke kwake ni kuipeleka sumu kwake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama na afya kazini hazitamgharimu mfanyakazi. Tangu 2022 mkataba huo umo katika mikataba ya msingi, na kanuni zake zinazihusu nchi zote wanachama, hata zisizouridhia. Burundi ni mwanachama.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mwenye kutaka mashine ndogo kwa nguo za nyumbani, anunue akijua tuliyoyaeleza. Lakini fedha za chama zisinunue mashine ya nguo za kazi. Tumdai mwajiri aweke dobi mahali pa kazi, nguo za dawa zifuliwe peke yake, na akina mama wanaoishi kwa kufua wawe wa kwanza kuajiriwa humo.

Kabla ya mkutano ujao kila kikundi kihesabu: watu wangapi, ovaroli ngapi, wangapi wanagusa dawa. Tukienda mbele ya mwajiri, twende na hesabu mkononi.