Kufunga amplifaya na sabufa kwenye lori: Betri moja isibebeshwe mzigo wa mbili

MUZIKI ndani ya kabini si anasa kwa dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi au Mombasa kwenda Kigali. Safari ya usiku ni ndefu, na foleni ya Tunduma au Kasumbalesa huweza kuwa ndefu zaidi. Ndiyo maana wengi hutafuta fundi wa kufunga amplifaya na sabufa. Tatizo ni kwamba fundi huyo mara nyingi amezoea magari madogo, na lori lina mambo yake.

La kwanza ni umeme. Probox, Noah na Hiace hutumia volti 12. Malori makubwa kama Scania na Actros hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kufuatanisha betri mbili za volti 12, chanya ya moja ikiungwa kwenye hasi ya nyingine. Amplifaya nyingi za madukani ni za volti 12, na zikipewa 24 huungua. Kuhesabu betri hakutoshi, kwa sababu zipo pikapu zenye betri mbili zilizoungwa sambamba ambazo bado ni volti 12. Ni lazima kupima kwa mita.

Hapo ndipo njia ya mkato inapoanza. Fundi anachota volti 12 kutoka betri moja, sauti inatoka safi, analipwa na kuondoka. Lakini alternata huchaji betri zote mbili kwa pamoja na haijui kwamba moja inanyonywa. Ile inayonyonywa haijai, na mwenzake inazidishiwa chaji hadi maji yake yanachemka na kukauka. Mwishowe zote mbili zinakufa, na tajiri anaambiwa aliuziwa betri feki.

Dawa yake ni konvata, yaani kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili. Ukubwa wake ni jambo la kuhesabu. Amplifaya ya kisasa ya daraja D inayotoa wati 500 za kweli huvuta takriban wati 625, ambazo ni kama ampea 45. Konvata ya ampea 10 au 20 inafaa kwa redio tu.

Neno "za kweli" si la bure. Boksi linaweza kuandikwa wati 1500 wakati fyuzi ya amplifaya yenyewe ni ya ampea 30. Ampea 30 kwa volti 13.8 ni wati 414, basi hizo nyingine zimetoka wapi? Mfanyabiashara anayenunua kwa jumla aangalie fyuzi na maandishi ya RMS kabla ya kulipa. Waya nao una ujanja wake: mwingi ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hubeba umeme mdogo kuliko shaba tupu ya unene uleule. Ukikwangua kwa kisu, ukaona weupe ndani, huo si shaba.

Fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Kazi yake ni kulinda waya. Ikifungwa mbali kule kwenye amplifaya, kipande chote cha kutoka betri kinabaki bila ulinzi, na kikipiga shoti kinawaka moto. Katika lori, waya hupanda kutoka chasisi hadi kwenye kabini inayoinamishwa wakati wa matengenezo. Hapo kwenye bawaba uachwe ulegevu na uvishwe mpira, la sivyo siku ya kuinua kabini utakatika au kuchunika.

Waya mwembamba wa kuwashia amplifaya utoke kwenye redio. Ukiungwa moja kwa moja kwenye umeme wa kudumu, amplifaya hailali hata dereva akilala. Konvata nayo izimwe kwa swichi ya ufunguo.

Kwenye foleni, injini ikiwa imezimwa, muziki wa wastani unaweza kuvuta ampea 6 upande wa volti 24. Kwa saa 10 hizo ni ampea-saa 60 kutoka betri za ampea-saa 150. Betri mpya itavumilia. Iliyochoka itashindwa kuwasha dizeli asubuhi, na foleni haitamsubiri mtu.

Matangi ya mafuta yana tahadhari ya peke yake. Magari hayo huwa na swichi kuu ya kukata umeme wa betri, hasa wakati wa kupakia na kushusha. Waya wa muziki ukiungwa kwenye betri kabla ya swichi hiyo, umeme unabaki hai hata dereva akidhani ameukata. Uungwe baada ya swichi, na mwenye gari ajue kabla kazi haijaanza.