Breki za diski na breki za drami: kwa nini "zinafeli" mteremkoni?



Juzi nilikuwa natoka Iringa kwenda Morogoro na Hiace. Katikati ya mteremko wa Kitonga tukaanza kusikia harufu ya kitu kinaungua, na dereva akasema breki anakanyaga haishiki vizuri. Akashusha gia mpaka namba mbili, akapata pa kusimama. Abiria mmoja akakimbilia dumu la maji amwagie tairi, dereva akamfokea: "Acha! Utapasua drami." Tukakaa pale karibu nusu saa zipoe. Nilivyofika Moro nikamtafuta fundi anieleweshe. Nawamegea nilichopata.

Kwanza, breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: hilo joto linakwenda wapi?

DISKI. Hii ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi. Ukikanyaga, oili ya breki inasukuma pedi mbili ziibane huku na huku, sawa na zile raba za breki za baiskeli zinavyobana ringi. Iko wazi, upepo unaipoza na maji yanaruka haraka.

DRAMI. Hii ni kama sufuria la chuma. Ndani kuna shuu mbili zilizopinda kama mwezi mchanga, ukikanyaga zinatanuka na kusugua ukuta wa ndani. Ina ujanja wake: mzunguko wa drami unaivuta shuu moja izidi kujikandamiza, kwa hiyo inashika bila kutumia nguvu nyingi za mguu. Ni rahisi kwa bei, na handibreki inafungwa humo kiulaini. Ubaya wake, joto linabaki ndani. Na chuma kikichemka kinatanuka, drami inazikimbia shuu, kanyagio linazidi kuzama. Diski ikitanuka inazisogelea pedi.

Ndiyo maana gari nyingi zina diski mbele na drami nyuma. Si mnaona daladala ikifunga breki wote mnarushwa mbele? Uzito unahamia huko, kwa hiyo breki za mbele ndizo zinafanya kazi kubwa.

Lakini wadau, msidhani diski ni kinga ya kila kitu. Pedi nazo zikizidi moto zinateleza. Halafu kuna oili. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini inafyonza unyevu wa hewani, na kipimo chake ikishaingia maji ni nyuzi 140 tu. Ikichemka inatoa mapovu, unakanyaga unabonyeza hewa. Hapo diski na drami zote ni bure.

Kwa hiyo mara nyingi breki "hazifeli" ghafla, zinapikwa taratibu na mguu wa dereva. Dawa ni kuingiza gia ndogo KABLA ya mteremko ili injini ishike gari, na kubadilisha oili kwa wakati. Dereva anayeweka fri mteremkoni eti abane mafuta anacheza na roho zenu. Ukimuona, mwambie bila aibu. Bora akununie kuliko tuje kusoma habari zenu.

Mafundi na madereva mliomo humu, mwenye nyongeza amwage. Naomba kuwasilisha.